Mume wa Kliniki

"Pale kliniki, mume wake ni mimi."

Hayo ndiyo maneno aliyotuachia Asheri wiki iliyopita, na najua wapo waliolibamiza gazeti mezani. Dereva wa bodaboda, kizibao cha kijiwe mwilini, kasimama katikati ya sebule ya watu Chumbageni, anamwambia mwenye mke kwamba mume ni yeye. Mbele ya mama mkwe. Mbele ya ami. Mbele ya Ghaliya mwenyewe, mimba ya miezi minne tumboni.

Himyar hakujibu kwa maneno. Alijibu kwa ngumi.

Asheri aliangukia meza ya kahawa, vikombe vikatawanyika, birika likajimwaga kwenye zulia. Kabla hajainuka Himyar alikuwa keshamkalia kifuani, kamkaba shati.

"Rudia! Rudia ulichosema!"

"Bosi, nimesema pale kliniki! Pale kliniki tu!"

"Mume wa kliniki ndiyo mume gani?"

"Wa kukodi, bosi! Wa kukodi!"

Ngumi ya pili ilibaki hewani.

Kwa uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, nikuweke sawa upesi. Himyar ana duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Ghaliya ni mkewe. Ghaliya anaumwa huko ambako watu hawapendi kutaja: anawashwa, anatokwa na uchafu wenye harufu. Anameza dawa, anapona, halafu ugonjwa unarudi. Na katika nyumba hii, kila ugonjwa unaporudi, husemwa kwamba kaufuata nje. Kisha jirani mwenye macho marefu akaja na habari kwamba kamwona kliniki na mwanamume mwingine. Basi leo kimeitishwa kikao, Ghaliya aachwe na mimba ikataliwe. Mwanamke yuko hatarini kupoteza jina lake, na mtoto ambaye hajazaliwa yuko hatarini kukosa baba. Mimi ninayeandika nimekasirika tangu Jumatatu.

"Wa kukodi?" Bi Maha, mama yake Himyar, aliinuka kitini akiwa kashika kifua. "Astaghfirullah! Ghaliya, umekodi mume? Na huyu mwanangu ni nani, pazia?"

"Nilimwomba mwanao kwanza, mama."

Ghaliya hakulia. Machozi aliyamaliza zamani, sasa sauti yake ilikuwa kavu na ilitetemeka kwa hasira.

"Nilikuomba, Himyar. Nilikuomba chumbani. Nikaja kukuomba dukani, umekaa juu ya mifuko ya saruji. Nikakwambia daktari ataka tuje wawili. Ulinijibu nini?"

Himyar alitazama pembeni.

"Ulinijibu, mwanamume mzima akakae benchi moja na wajawazito, watu wa Ngamiani wamwone? Ndivyo ulivyonijibu. Sasa pale, ukishakuwa na mimba, aliyekuja na mumewe huingia kwanza. Asiye na mume huambiwa nenda kamlete. Nilirudishwa mlangoni, mbele ya wanawake wenzangu. Wakanitazama tumbo, wakatazamana. Nikatoka nje, nikamkuta huyu kakaa juu ya pikipiki yake. Nikamwambia, kaka, nifanyie hisani, ingia uwe mume wangu mpaka adhuhuri."

Msijifanye hamjui, nyie mnaosoma huku mnatikisa kichwa. Mume asiyetaka kukaa kwenye benchi, mkewe atampata wa kukaa.

"Mzee wangu," Asheri alimgeukia Mzee Yaqoub, ami yake Himyar, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa bado amekaa. "Mimi Msambaa, nina mke na watoto Lushoto, na kanisani najulikana. Huyu nilimsaidia kama dada yangu. Niliitwa jina la bosi hapa, nikaitika. Nikapimwa damu, nikameza dawa zangu, nikatoka. Sikumgusa hata kidole."

Ghaliya aligeuka ghafla.

"Dawa gani?"

"Zile za minyoo."

"Minyoo gani, Asheri?"

"Wewe ulikuwa ndani unapimwa tumbo. Daktari akaniita peke yangu. Akanipa vidonge, vikubwa vikubwa, na kikombe cha maji. Akaniambia meza hapahapa nikuone, ili mambo ya nyumbani yaishe. Mimi nikajua minyoo, maana na sisi vijiweni tunakula ovyo. Nikameza. Jioni nikapitia pombe ya muwa kidogo, mzee nisamehe, basi nilitapika mpaka majirani wakaja na taa. Mdomo mchungu, kama nimelamba betri."

Ghaliya alikaa chini taratibu. Alimtazama Asheri, akamtazama Himyar, akamtazama tena Asheri. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Bi Maha alirudi nyuma hatua.

"Daktari aliniambia, mwenzio tumeshamaliza naye," Ghaliya alisema. "Nikadhani wamempima tu. Himyar, bodaboda kameza dawa yako."

"Dawa yangu ya nini? Mimi naumwa?"

"Mmesikia!" Bi Maha alipiga makofi. "Mmesikia kwa masikio yenu! Kapewa dawa! Kwa nini apewe dawa mtu asiyeumwa kama hawana ugonjwa mmoja? Himyar, sema neno lako tulale! Mwache!"

Himyar akavuta pumzi. Akanyoosha kidole. "Ghaliya—"

"Funga mdomo!"

Sauti ilitoka kitini. Mzee Yaqoub haongei sana, na akiongea katika nyumba hii hata feni linasikiliza. Yeye ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba yake Himyar. Bila yeye hakuna harusi wala talaka.

"Mke haachwi kwa maneno ya bodaboda," alisema. "Twende kwa huyo daktari. Sasa hivi, sote. Na huyu mume wa kliniki aje."

"Na twende, ami!" Himyar alisimama, akajifuta mikono. "Nataka nipimwe mimi. Mimi mzima. Sijawahi kuumwa huko hata siku moja."

Kuna waume wangapi wanaolala usingizi mzito kwa sentensi hiyohiyo?

*

Zahanati ya Daktari Beatrisi iko uchochoroni Ngamiani, mlango wa kijani, benchi refu nje. Walimkuta anafunga madirisha. Mwanamke mfupi, miwani puani, mikono ya mtu aliyezalisha nusu ya mtaa.

"Shikamoo mzee," alimsalimu Mzee Yaqoub.

"Marahaba, daktari."

Kisha akamwona Asheri, uso ukachanua.

"Aa, baba kijacho! Umemleta mama? Safi sana. Wanaume kama wewe ni wachache." Akamgeukia Himyar. "Na huyu ndiye shemeji?"

Mshipa wa shingo wa Himyar ulisimama. Asheri, shavu limevimba, aliinamisha kichwa.

"Daktari," alisema, "kazi hiyo nimeacha."

Walimweleza. Kila mmoja alieleza kwa sauti yake, wote pamoja, na daktari alisikiliza mpaka akavua miwani. Alipoirudisha puani hakuwa yule aliyesema shikamoo.

"Wewe ndiye mume?"

"Mimi," Himyar alisema.

"Na yule niliyempa dawa?"

"Mimi usafiri tu," alisema Asheri.

Daktari Beatrisi alipiga meza kwa kiganja. "Ghaliya! Umenidanganya! Unajua nimekutibu mara ngapi? Unajua nimekaa nikijiuliza kwa nini dawa hazikusaidii? Nikaanza kudhani huzimezi!"

"Nimekudanganya, daktari," Ghaliya alisema. Naye hakuinamisha macho. "Nilipopata mimba uliniambia bila mume siingii. Ungeniingiza peke yangu nisingekudanganya."

Kanuni ile daktari aliiweka mwenyewe, kwa nia njema, ili waume waje. Hakufikiri juu ya wale ambao waume zao hawaji. Nampa heshima yake kwa kuwa hakubisha.

"Kaeni," alisema. "Nitasema mara moja, na sitaki kukatizwa."

Alikatizwa, kama mtakavyoona.

"Alichonacho huyu mama ni kimelea. Kidudu kidogo mno, macho hayakioni. Jina lake trikomonasi. Kinaambukizwa kwa kujamiiana, basi. Ni cha kawaida sana. Nakiona kila wiki, kwa wake za mashekhe na kwa wake za wachungaji."

"Si cha chooni?" Bi Maha aliuliza. "Maana kule kwao alikozaliwa, vyoo—"

"Si cha chooni, mama. Si cha jini, si cha kijicho, si cha kwao. Na dawa yake ipo, haina shida yoyote. Hata mjamzito anameza."

"Mke wangu kameza," Himyar alisema. "Kapona. Kikarudi. Kakifuata wapi?"

"Kwako."



"Kwangu?" Himyar alicheka kwa dharau. "Daktari, mimi siwashwi. Sitokwi na kitu. Mkojo wangu mweupe. Mimi sina chochote!"

"Ndivyo wanavyosema wote. Kwa wanaume wengi kidudu hiki hakina dalili. Kinakaa kwenye njia ya mkojo, kimetulia. Unakwenda nacho dukani, unapima nacho nondo, unaswali nacho, unarudi nacho nyumbani. Mkeo anameza dawa, anapona. Ukilala naye unamrudishia. Anameza tena. Unamrudishia tena. Halafu unamwita malaya. Na dawa yako, Mungu anisamehe, nilimpa mwenye pikipiki."

"Nipime!" Himyar aliruka. "Nipime sasa hivi, mbele ya ami yangu!"

Akapewa kikopo. Akaenda, akarudi. Akaambiwa akangoje nje.

Na nje kuna nini? Kuna benchi. Benchi lilelile ambalo mwanamume mzima hawezi kulikalia. Himyar alilikalia. Mteja wake mmoja wa mabati alipita na baiskeli, akafunga breki, akamsalimu kwa sauti kubwa, "Hongera bwana! Mambo ya uzazi hayo!" Himyar aliinua mkono bila kusema kitu. Ghaliya alimwona kupitia dirishani. Natamani niwaambie alimhurumia, lakini hakumhurumia hata kidogo.

Daktari alitoka kwenye darubini, akawaita.

"Sijaona kitu," alisema.

Bi Maha alipiga kigelegele ambacho kilisikika mpaka barabarani. Himyar alimgeukia ami yake, mikono juu.

"Umesikia, ami! Umesikia! Mimi safi!" Akamgeukia mkewe, macho mekundu. "Sasa wewe. Sasa nakwambia mbele ya daktari wako, Ghaliya—"

"Kaa chini!" Daktari Beatrisi alimfokea kama anafokea mtoto aliyeingia na viatu wodini. "Sijamaliza! Kwa mwanamume, darubini hii hukikosa mara nyingi. Mimi kutokiona si kwamba hakipo. Ungenisikiliza ningekueleza kabla hujakimbilia kikopo. Kwa hiyo hatungoji kukiona. Mke anacho, mume anameza. Wote wawili, kwa pamoja. Na hamlali pamoja mpaka mmalize dawa na wiki nzima ipite. Mmoja akimeza peke yake ni kazi bure."

Himyar alikaa. Kigelegele kilimkwama mama yake kooni.

Ghaliya alikuwa ameshika tumbo. "Na huyu wa ndani, daktari?"

"Ukitibiwa vizuri atakuwa salama. Kikiachwa, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akawa mdogo mno. Sisemi lazima, nasema hatari inaongezeka. Tena mwenye kidudu hiki, virusi vya ukimwi vinampata kwa urahisi zaidi. Hayo ndiyo yaliyomo mwilini mwa mkeo wakati wewe unahesabu heshima." Akamgeukia Ghaliya. "Unajisafisha na nini huko?"

Ghaliya alimtazama mama mkwe. Halafu akasema yote.

"Mama hunikalisha juu ya chetezo. Asubuhi na magharibi. Anatia udi, ananifunika kanga, nakaa mpaka moshi uishe. Kisha ananipa maji ya ndimu na mawaridi, nijioshe ndani. Anasema harufu ikikataa kutoka, mwanamke ana jambo lake."

Daktari alishusha pumzi ndefu.

"Mama. Udi unanukisha nguo na nyumba, sina ugomvi na udi wako. Lakini kidudu hakifi kwa moshi. Na ndimu huko ndani imemchubua mtoto wa watu. Umemuunguza halafu umemshtaki kwa kidonda."

Sasa nawaambieni, Bi Maha si mwanamke wa kusemwa mbele ya watu. Ni mtu mzima ambaye kafundwa na mama yake, naye kafunda mabinti wa ukoo mzima, na udi wake unatoka Maskati kwenye kikasha cha fedha. Aliposikia maneno yale uso ulimwiva. Akasimama, akajitanda mtandio wake vizuri.

"Mimi nafunza usafi!" alisema. "Nyumba yangu ina heshima tangu bibi yake bibi yangu! Mwanangu msafi, wewe mwenyewe umesema hukuona kitu. Wanawake ndio waliomletea uchafu! Huyu ni wa pili sasa! Hata Zuwena alikuwa hivihivi, harufu hiihii, nikamfukiza udi mpaka kanga ikashika moto, na bado—"

Akajiziba mdomo kwa mtandio. Alichelewa.

Mzee Yaqoub, aliyekuwa ameegemea ukuta, alifungua macho.

"Zuwena ni nani?" daktari aliuliza.

Himyar alikuwa anatazama viatu vyake. Ghaliya ndiye aliyesema, polepole, kila neno likimjia na maana yake.

"Mke wake wa kwanza. Niliambiwa kaachwa kwa kukosa adabu."

"Alikuwa anaumwa hivyohivyo?"

"Mama ndiye amesema. Sikujua mimi. Wallahi sikujua."

Daktari Beatrisi aliketi ukingoni mwa kitanda cha wagonjwa.

"Wanawake wawili," alisema. "Ugonjwa mmoja. Wamewahi hata kuonana?"

"Hapana," Ghaliya alisema.

"Basi kitu pekee walichoshirikiana ni huyu bwana."

Kuna jambo ambalo daktari hakulijua, na nyie wasomaji wangu wa tangu mwanzo mnalijua. Zuwena ni binti wa Mzee Yaqoub. Himyar alioa mtoto wa ami yake, kama wanavyooana katika ukoo ule, shamba na damu visitoke nje. Siku Bi Maha alipomrudisha Zuwena kwa baba yake na kusema huyu kaniharibia mwanangu, Mzee Yaqoub hakumuuliza binti yake hata swali moja. Alimfungia mlango. Zuwena akaenda kuishi Mkwaja, kwa ndugu wa mama yake, na baba hakulitaja tena jina lake.

Ghaliya alisimama mbele ya mumewe.

"Himyar. Mbele ya ami yako. Hii mimba ya nani?"

Himyar alimtazama mama yake, akamtazama Asheri, hakuna aliyemsaidia.

"Yangu."

"Sijasikia."

"Yangu! Nimesema yangu!"

"Sasa meza."

Daktari alikuwa keshaleta maji. Alimwekea Himyar vidonge kiganjani, vilevile vikubwa vikubwa. Himyar akavitazama. Akainua mkono kuupeleka mdomoni, na Bi Maha akaudaka kifundoni.

"Usimeze! Ukimeza umekiri!"

Na yule mwanamume, mwenye duka, mwenye ndevu, mwenye mke wa kuacha, akafumba ngumi juu ya vidonge na kuurudisha mkono chini. Hapo nilitaka kuingia mwenyewe kwenye hadithi nimshike pua nimnyweshe.

"Umekiri nini?" Ghaliya alipaza sauti, na sasa hakuna aliyeweza kumnyamazisha. "Umekiri nini, Himyar? Mimi nimejikuna mpaka nimetoka damu, na wewe umelala ubavuni kwangu unakoroma! Nimekalia makaa ya mama yako kama samaki wa kubanikwa! Nimeitwa malaya kwa Kiarabu nikaitwa tena kwa Kiswahili, nisije nikakosa kuelewa! Nimeogopa kumpapasa mtoto tumboni mwangu! Na dawa ilikuwa kumeza! Kumeza tu, na maji kikombe kimoja! Asheri kameza, hata haumwi!"

"Kweli nilimeza," Asheri alisema kwa sauti ndogo.

"Miezi yote hii mlikuwa mnaninusa mimi. Mbona hamkumnusa yeye?"

Sauti iliyofuata ilitoka ukutani.

"Daktari." Ilikuwa ya Mzee Yaqoub. "Mwanamke asiyetibiwa. Anaweza kukaa nacho muda gani?"

"Miezi, mzee. Wengine miaka."

"Bila kwenda kwa mtu mwingine?"

"Bila kwenda popote. Tena hakuna awezaye kukitazama akasema kilianzia kwa nani. Huyu bwana anaweza kuwa alikipata zamani, kabla hajaoa, asijue mpaka leo. Ukimsikia mtu anaapa kwamba anajua aliyekileta, muulize kajuaje."

Mzee alitikisa kichwa. Aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa simu. Masikio yake yana uzito, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti ya wazi, na ukiwa naye chumba kimoja husikia mambo yake yote. Alitafuta jina muda mrefu. Akabonyeza.

Iliita. Iliita tena.

"Hallo?"

"Zuwena. Baba yako."

Upande wa pili kulikuwa na vicheko vya wanawake na mtu anaimba. Zuwena akauliza:

"Nani amekufa?"

Mzee Yaqoub alishika ukuta.

"Hajafa mtu."

"Basi mbona umepiga?"

"Nimepiga... nakujulia hali."

"Hali." Zuwena alicheka, kicheko kifupi. "Hali njema. Nimekaa, napakwa hina. Kama ni habari ya Ijumaa, idhini yako ya kuniozesha imefika, Shekhe kaileta. Ahsante. Huna haja ya kuja."

Daktari Beatrisi aliinuka kitandani. "Ijumaa?" alinong'ona. "Anaolewa Ijumaa? Na leo Jumatano? Mzee, lazima aambiwe. Atibiwe yeye kwanza, na huyo bwana ajue. Kama si hivyo ataachwa tena kwa jambo lilelile!"

Mzee Yaqoub alifungua mdomo. Baba wa Kiswahili na binti yake, katika jambo kama lile! Tangu Zuwena avunje ungo hawajawahi kuzungumza la mwili, kazi hiyo ni ya masomo wanaowafunda mabinti, na ya mashangazi. Alijaribu mara moja, sauti ikakataa. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yameshaingia kwenye ndevu.

"Baba? Mbona huongei?"

"Kata hiyo simu!" Bi Maha alisema, na akaruka kuinyakua. "Mnataka kutuaibisha Mkwaja nzima!"

Ghaliya alimuwahi. Tumbo lake na yote, alipita katikati yao, akaitoa simu kwenye mkono wa mzee na kuigeuzia mgongo familia nzima.

"Dada Zuwena, usikate, nakuomba. Naitwa Ghaliya. Mimi ni mke wa Himyar."

Walisikia vicheko vikipungua, nyayo zikitembea, kisha mlango ukifungwa. Nyimbo zikabaki upande mwingine wa ukuta. Ghaliya alisubiri matusi, na alikuwa tayari kuyapokea.

Sauti iliporudi ilikuwa ya chini sana, ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja chenye hina mbichi.

"Na wewe pia unawashwa?"